Miguu Mitatu na Sanduku la Mwalimu

Mtaani walimwita Miguu Mitatu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi na wapima ardhi, na kazi yenyewe ilikuwa kubeba. Alibeba minyororo ya kupimia, vigingi vya chuma, nyundo, na zaidi ya vyote ile stendi ya mbao yenye miguu mitatu ambayo juu yake hufungwa darubini. Wapimaji walikuja wakaondoka, wengine wakapanda vyeo, wengine wakafa. Yeye na stendi yake wakabaki palepale. Siku aliyostaafu, ofisini walimwandalia soda na keki, mkubwa akatoa hotuba ya dakika nne, kisha wakampa ile stendi iwe yake kabisa, maana zilishaletwa mpya za aluminiamu. Akaitupia begani kama kawaida, akaingia nayo nyumbani, akaisimamisha pembeni mwa kabati la vyombo. Mkewe akaiangalia stendi, akamwangalia na yeye.

"Kwa hiyo tumezaa tena," akasema.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla yake. Dunia nzima ilimwita Mwalimu. Hata mumewe alimwita hivyo, mara kwa heshima, mara kwa utani, kutegemea siku imeamkaje.

Sasa, Miguu Mitatu hakuwa mtu wa maneno. Kazi ilimzoesha ishara. Mpimaji yuko mbali, mita mia mbili, upepo unavuma. Akipunga mkono wa kulia unasogea kulia, akipunga wa kushoto unasogea kushoto, akiinua yote miwili umefika, piga kigingi. Huulizi, maana hata ukiuliza hakuna atakayekusikia. Tabia hiyo akaja nayo mpaka mezani. Akitaka chumvi, ananyoosha kidole. Akishiba, anainua mikono miwili. Mwalimu alilalamika miaka kumi ya kwanza, halafu akazoea, halafu na yeye akawa anamjibu kwa kidole.

Mwalimu alipokaa nyumbani miezi sita bila daftari la kusahihisha, aliona atapata wazimu. Akapita duka la vifaa vya shule akanunua brashi tatu na tyubu chache za rangi, akaanza kuchora. Mara akapata wenzake: watu saba au wanane waliokutana kila Jumamosi asubuhi mahali pa wazi, kila mtu akachora anachokiona. Wiki hii daraja, wiki ijayo mapaa ya nyumba, wiki nyingine stesheni ya zamani ya treni. Walikuwa watu wa kila namna, na aliyevuma kuliko wote alikuwa daktari wa meno mstaafu aliyekuwa na mdomo usiopumzika.

Mwalimu alikwenda huko na beseni la plastiki. Humo mlikuwa na tyubu, brashi ndani ya kopo, chupa ya tapentaini iliyofungwa kwenye mfuko, na matambara. Kibao cha kuchorea alikipakata magotini. Alirudi na madoa ya bluu kwenye gauni na ya njano kwenye viwiko. Siku moja alirudi na picha aliyoitia kwenye mfuko kabla haijakauka. Akaitoa taratibu, na nusu ya juu ikawa imebanduka.

"Mbingu yangu imebaki kwenye mfuko," akasema, akakaa kwenye kiti na mfuko mkononi.

Miguu Mitatu alisikia. Tangu hapo usingizini na machoni akawa na kitu kimoja tu: sanduku. Sanduku ambalo likifungwa linabeba kila kitu, na likifunguliwa mfuniko wake unasimama ukashika kibao cha picha, na chini pana mahali pa kuchanganyia rangi. Tena likae juu ya stendi, mbele ya macho, ili mtu asipakate kitu. Akachora mchoro kwenye daftari la mraba-mraba, akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wake Mwalimu, tumbo moja, na alikuwa seremala mwenye karakana yake mitaa miwili kutoka hapo. Alipomwona tu akazima mashine.

"Shemeji! Nimekuona na daftari, nikajua leo nina kesi."

Miguu Mitatu akamwonyesha mchoro. Shemeji akautazama, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Kitu kizuri. Njoo keshokutwa ukichukue."

"Nataka kuazima randa na msumeno."

"Wa nini? Mimi si niko?"

"Nitatengeneza mwenyewe."

"Shemeji, mimi nina miaka ishirini na tano kwenye kazi hii."

"Najua. Lakini mwenye mke ni mimi."

Shemeji akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Haya bwana, chukua. Ila vidole vyako ni mali ya dada yangu. Ukirudi na tisa, mimi simo."

Alirudi navyo vyote kumi, ingawa viwili vilikuwa na plasta. Wiki tatu alifanya kazi kwenye kibaraza cha nyuma. Mbao alizipata kwenye mlango wa kabati kuukuu la nguo, mbao ngumu, nzito, nyekundu kwa ndani. Akapima kila ubao mara tatu na kuandika vipimo, kana kwamba kesho kutakuwa na ugomvi wa mpaka. Kila kipande alikiwekea pimamaji. Ndani ya mfuniko akachonga mifereji miwili ili picha mbili mbichi zikae bila kugusana. Ili mfuniko usimame wazi, akafunga mkono wa chuma wa dirisha, ule wenye matundu unaozuia dirisha lisipigwe na upepo. Upande wa kulia akaweka ubao mwembamba wa kuvuta, wa kuchanganyia rangi. Kulia tena kijifereji cha brashi. Kulia tena pete ya waya ya kushikia kopo la tapentaini. Akaketi mbele yake kwenye stuli, akanyoosha mkono. Kila kitu kilikuwa pale mkono unapofikia. Akapaka vanishi mara mbili.

Shemeji akaja kukagua. Akalizunguka, akapiga kofi ubavuni mwake kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema kazi si mbaya. Kisha akajaribu kuliinua.

"Mama yangu! Shemeji, hili ni sanduku la rangi au ni la benki?"

"Ni imara."

"Imara kweli. Likidondoka, barabara ndiyo itavunjika."

Mwalimu yeye hakusema neno juu ya uzito. Alilifungua, akalifunga, akavuta ubao, akapitisha kidole kwenye mifereji. "Umetengeneza kwa mikono hii?" akamuuliza, akamshika mikono yote miwili pamoja na plasta zake. Miguu Mitatu akajisikia kama kijana. Jumamosi ile alimbebea sanduku na stendi mpaka darajani, na Mwalimu akamwambia arudi nyumbani, asimwaibishe mbele ya wenzake kama mtoto aliyesindikizwa shule.

Jumamosi ya pili ilinyesha mvua. Jumamosi ya tatu Miguu Mitatu alikuwa chooni, akasikia mlango wa jikoni unafunguliwa polepole, kwa namna ya mtu asiyetaka usikike. Akachungulia dirishani. Mwalimu alikuwa anatoka getini kwa hatua za haraka, na kwapani amebana beseni la plastiki.

Sanduku lilikuwa palepale kando ya kabati.

Alikaa mbele yake akashika tama. Kumbe alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka. Kwanza alikasirika. Halafu akaona hasira ni kazi bure kama mkosaji hayupo, akaleta mizani ya kupimia watu, akapanda na sanduku, akapanda bila sanduku, akatoa hesabu. Kilo saba na nusu. Basi, akajiambia, ni uzito. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja hawezi kubeba kilo saba na nusu na miguu mitatu juu yake.

Lakini alipolifungua akaona kitu kingine. Lilikuwa limetumika mara moja tu, ile Jumamosi ya darajani, na rangi huacha nyayo. Kijifereji cha brashi upande wa kulia kilikuwa kisafi, hakijaguswa. Kushoto, mahali ambapo yeye hakuweka kitu chochote, palikuwa na tambara lililosokotwa na kupachikwa kwenye bawaba kwa nguvu. Na matone ya rangi yalianzia kwenye ubao wa kulia, yakavuka sanduku zima kwa mstari, yakaishia kushoto. Miguu Mitatu aliyasoma matone yale kwa muda mrefu. Alikuwa ameona mashamba mengi yaliyopimwa vibaya, na alijua pale ambapo mambo hayalingani hata kama hajui kwa nini.

Mtu mwingine angeuliza. Yeye Jumamosi iliyofuata alivaa kofia akamfuata mkewe.

Wachoraji walikuwa stesheni ya zamani siku hiyo. Akaketi kwenye ukuta mfupi karibu na duka la vipuri, mita sitini kutoka pale, kwa makadirio yake, na makadirio yake hayakukosea zaidi ya mita moja. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kistuli, beseni liko chini upande wa kushoto. Akaona mkono unashuka kwenye beseni, unapanda kwenye picha, unashuka, unapanda. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Akadhani labda wa kulia umeteguka. Akasubiri. Wa kulia ulikuwa umelala magotini, umeshika tambara, mzima wa afya. Wa kushoto ndio uliokuwa kazini, na ulikuwa unakwenda wepesi, bila kusitasita. Yeye alizijua kazi zote za mkewe. Alimjua anavyokata kitunguu, anavyofagia, anavyopiga pasi, anavyoandika ile hati yake nzuri ya ubaoni, na vyote hivyo alivifanya kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu, midomo ameikaza. Hapa midomo haikukazwa. Mara moja alimwona anacheka peke yake.

Miaka thelathini na minane ya ndoa. Miguu Mitatu akavua kofia, akaivaa tena, akarudi nyumbani.

Mwalimu aliporudi adhuhuri alikuta chai iko tayari mezani, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kutisha.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Mwalimu, nimekuona."

"Umeniona wapi?"

"Stesheni. Mkono wa kushoto."

Mwalimu akaweka beseni chini. Akavuta kiti, akakaa, akauangalia ule mkono kama umemsaliti.

"Umenifuata, baba watoto?"

"Nimekufuata."

Miguu Mitatu akamsogezea kikombe. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nizaliwe." Akamimina chai, kwa mkono wa kulia, akajigundua, akacheka kidogo. "Shangazi ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo. Wakati wa kula alikuwa ananifunga mkono huu na leso, anaukaza kwenye mguu wa meza. Hakuwa mtu mbaya, alidhani ananisaidia. Nilipoanza shule, nako rula ya vidoleni. Nikaandika kwa kulia, nikawa wa kwanza kwa mwandiko, nikapewa zawadi, basi ikaisha. Nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuwa na mkono mwingine."

"Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Mtu anasema, mume wangu, mimi zamani nilikuwa wa kushoto?" Akanywa funda. "Darasani kwangu watoto wa kushoto niliwaacha hivyo hivyo. Mwalimu mkuu alinisema, nikajitia sikusikia. Lakini mimi mwenyewe haikunijia. Mpaka nilipoanza kuchora. Kwa mkono wa kulia kila nikichora mti unatoka umenyooka kama herufi. Siku moja wewe umekwenda kliniki, nikahamisha brashi. Nikaona mti unatikisika. Nikaogopa, unajua? Nikainuka nikafunga mlango."

"Na sanduku?"

"Sanduku zuri. Kila kitu kiko kulia. Nilikuwa navuka mikono kama mtu anayefunga mzigo." Akamtazama usoni. "Ulikuwa umefurahi sana. Ningeanzia wapi?"

Kifuani Miguu Mitatu alikuwa na uchungu kidogo wa kufichwa, na uchungu mwingine mkubwa zaidi wa yule mtoto aliyefungwa kwenye mguu wa meza. Akaenda akaleta daftari la mraba-mraba na penseli.

"Weka mkono hapa," akasema.

"Upi?"

"Wa kwako."

Wiki ile aliuliza maswali mengi kuliko aliyouliza tangu siku ya posa. Unakaa au unasimama? Brashi usiyoitumia unaishika wapi? Kiwiko kinaegemea wapi? Tambara unalitaka karibu na tapentaini au mbali? Ilipofika siku ya tatu Mwalimu alikuwa anamkimbia jikoni. "Nani huyu aliyeingia nyumbani kwangu?" akasema. "Nirudishieni yule wa vidole!"

Kule karakana, shemeji aliposimuliwa habari ya mkono hakufanya mzaha hata kidogo. "Mimi nimenyonya naye ziwa moja," akasema, "na sikujua." Akaenda nyuma akatoa plaiwudi nyembamba aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine, akaikata mwenyewe, na pembe akaziunganisha kwa meno yanayoshikana, bila msumari hata mmoja. Miguu Mitatu akamwacha afanye. Mifereji ya mfuniko, pete ya waya, kijifereji cha brashi na ubao wa kuvuta alivitengeneza yeye, vyote kushoto safari hii. Ule mkono wa dirisha akauhamishia kulia ili usigongane na kiwiko. Chini ya sanduku akagundisha kipande cha mbao ngumu chenye tundu la boliti ya stendi.

Walipolijaribu kibarazani mara ya kwanza, wakafungua mfuniko, wakaweka kibao, na sanduku lote likainamia nyuma taratibu kama mzee aliyepitiwa na usingizi kanisani. Shemeji akalidaka. Uzito wa mfuniko ulikuwa unalivuta. Ikabidi kile kipande cha chini kibanduliwe na kusogezwa nyuma vidole viwili. Likasimama. Akaweka pimamaji, povu likatulia katikati. Mizani ikasema kilo mbili na robo.

Mwalimu akaja na tyubu zake. Akachovya, akachora mstari mmoja, kisha mwingine, pale pale mbele yao, kwa mkono wa kushoto. Hakusema asante wala hakumshika mtu mikono. Alisahau kabisa kwamba wapo. Walipoona hivyo wanaume wale wawili wakaingia ndani kutafuta chakula.

Jumamosi hiyo alibeba mwenyewe, sanduku kwa mkanda begani, stendi mkononi. Alirudi na picha mbili mbichi ndani ya mfuniko, mbingu zote mbili mahali pake. Jumatatu asubuhi daktari wa meno akawa getini, anataka na yeye sanduku, la haraka, tena kama lile lile.

"Utachora kwanza," Miguu Mitatu akamwambia.

"Nichore nini? Mimi nimekuja kuagiza sanduku."

"Chochote. Mimi nitaangalia."

Daktari akacheka, akaona ni mzaha, akaona si mzaha. Akachora ndoo iliyokuwa kibarazani. Nusu saa nzima Miguu Mitatu alikaa kwenye stuli na daftari lake, na alichokiona ni kwamba daktari hachori kwa kukaa wala kwa kusimama wima. Anachora ameinama, shingo mbele, jicho moja amelifumba, kana kwamba ndani ya ndoo mna jino bovu. Akamtengenezea sanduku linalolala karibu bapa, ili achore akiwa ameliinamia. Daktari alisema mgongo wake haujawahi kufurahi hivyo, na akawaambia watu wote, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Mpaka mwisho wa mwaka Miguu Mitatu alikuwa ametengeneza masanduku matano, na hakuna mawili yaliyofanana. Lile la kwanza la kilo saba na nusu halikutoka nyumbani tena. Alitia humo patasi na tupa zake.

Na Mwalimu, mkono ule ulipofunguliwa haukukubali tena kukaa. Kwanza ukaanza kukata vitunguu. Halafu ukashika ufagio. Mwisho ukataka kuandika. Mtu aliyepewa zawadi ya mwandiko akawa anaandika kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi moja imelala, nyingine imeruka juu, nyingine inamkimbia mwenzake. Akakataa kabisa kuurudia mkono wa kulia. Alisema anafanya mazoezi.

Wiki moja umeme ukawa unakatika ovyo, akamwandikia mumewe karatasi ya dukani. Miguu Mitatu alisoma njiani, akasoma tena, akaona jambo la ajabu na la kupendeza: mkewe amemkumbuka kwa vifaa vya kazi. Akarudi na chumvi, sabuni, na kilo nzima ya misumari.

Mwalimu akaangalia ndani ya mfuko.

"Mishumaa iko wapi?"

Miguu Mitatu akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani, akanyoosha kidole.

Mwalimu akainama kusoma mwandiko wake mwenyewe. Akausogeza mbali, akausogeza karibu. Kicheko kikamjia kutoka chini kabisa, akashika meza, na Miguu Mitatu, ambaye alikuwa anajiandaa kujitetea, akajikuta na yeye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Walipotulia, Mwalimu akatoa penseli kwenye nywele, akaandika upya chini ya yale ya kwanza, polepole, kwa mkono ule ule, akampa.

"Soma kwa sauti," akasema.

"Mi-shu-maa."

"Vizuri sana. Nenda sasa, kabla hawajafunga."

Akavaa kofia, akatoka. Misumari akaiacha mezani. Ilikuwa ya inchi moja na nusu, saizi nzuri, na ingepata kazi.